Kadi ya Jimu na Kiuno cha Mume Wangu

Mara ya mwisho mliniacha ukingoni mwa kitanda, suruali ya kazini ya mume wangu mapajani, na mwenyewe yuko bafuni anaimba kama mtu asiye na kosa lolote duniani.

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, mimi ni fundi wa nguo. Mtaa mzima unaniita Mama Futi kwa sababu futi haitoki shingoni mwangu, hata sokoni naenda nayo. Mume wangu ni karani wa ghala. Watoto wako shule ya bweni, nyumbani tumebaki wawili.

Wiki tisa zilizopita nesi wa zahanati alimpima presha, akatikisa kichwa, kisha akatuangalia wote wawili na matumbo yetu. Mazoezi, akasema. Nusu saa kila siku, na visingizio hataki.

Ugomvi ukaanzia palepale getini. Mimi nikasema tufanyie nyumbani: kamba ya kuruka ipo, sebule ipo, ngazi za ghorofa tatu zipo, na vyote hivyo havidai ada ya mwezi. Yeye akasema nyumbani hakuna mazoezi, nyumbani kuna sofa. Anataka jimu, penye mashine, penye vioo, penye kocha wa kumkemea.

"Kwani mimi sijui kukemea?"

"Wewe umenikemea miaka kumi na minane, mke wangu. Nimeshakuwa sugu."

Basi tukawekeana ahadi. Yeye jimu, mimi nyumbani. Miezi mitatu ikiisha, futi ndiyo itakayoamua. Atakayekuwa amepungua kiuno zaidi ndiye mwenye haki, na mwenzake atamfuata bila kununa.

Wiki ya tisa hiyo, mimi nimepungua inchi mbili na nusu. Mume wangu, mwenda jimu wa kila jioni, ameongezeka inchi mbili.

Ameongezeka! Na chakula changu hakigusi. Nikimwekea, anasema ameshiba. Nikimpa maji, anapiga funda moja anarudisha glasi. Fulana anayorudi nayo imelowa kweli, lakini si jasho lile. Jasho huanzia kwapani na mgongoni, likikauka linaacha mstari mweupe wa chumvi. Fulana yake imelowa sawasawa pande zote, kola mpaka pindo.

Mtu hali kwake na kiuno kinapanda. Maana yake kuna jiko jingine linamlisha. Hesabu hiyo niliipiga mimi, na fundi yeyote mwenye akili timamu angeipiga hivyohivyo.

Haya, turudi kwenye suruali.

Niliigeuza nje ndani. Nyuma ya kiuno, kila suruali yake huwa naacha kitambaa cha akiba, vidole viwili, kwa ajili ya siku za mbele. Akiba ilikuwa imetolewa. Mshono wangu wa mashine umefumuliwa, kiuno kimetanuliwa, kikafungwa upya kwa mkono.

Mkono wa mtu mwingine! Kwenye suruali ya mume wangu!

Ningekuta alama ya rangi ya midomo, walahi ningevumilia hadi jioni. Lakini mshono? Mtu amekaa na nguo ya mume wangu mapajani, kama nilivyokuwa nimekaa mimi, akaitia sindano taratibu bila haraka. Mishono midogo, imelala upande mmoja, na kila baada ya mitano kuna mmoja unaorudi nyuma kukaza. Ulikuwa mshono mzuri kuliko wangu. Hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Nilihisi naujua mkono ule. Nikaukodolea macho, kichwa kikagoma kunipa jibu. Au mimi ndiye niliyekataa kulisikia.

Bafuni kukanyamaza. Nikairudisha suruali kwenye msumari.

Akatoka, kaptula na soksi ndefu mpaka magotini.

"Soksi zote hizo na joto hili?"

"Za mazoezi hizi. Kocha kasema zinabana misuli."

"Kocha wako anajua mengi."

"Ndiyo kazi yake." Akakaa kitandani, akavuta pumzi kama aliyetoka kubeba gunia. "Naenda kunyolewa. Jioni nitapitia jimu."

"Leo Jumamosi?"

"Jimu haina Jumamosi, Mama Futi."

"Haya baba. Kazana."

Alipofunga mlango nikahesabu mpaka hamsini. Kisha nikavaa viatu.

*

Jimu yenyewe iko kona ya pili, juu ya duka la rangi. Mapokezini alikaa dada mmoja ana kucha ndefu na kompyuta. Nikamwambia nimekuja kuulizia kadi ya mume wangu, namba yake hii hapa, nimeinakili kutoka kwenye risiti.

Akabonyeza. Akatabasamu.

"Huyu ni mwanachama wa mfano. Hajakosa hata siku moja."

Nikapoa. Kusema kweli, niliona aibu. Nikaanza kutafuta namna ya kuaga.

"Tena yuko ndani sasa hivi," akaendelea. "Mama yule anakazana, sijapata kuona."

"Mama?"

"Eh. Mama."

"Dada, mwenye kadi hiyo ana ndevu."

Akaangalia kompyuta, akaniangalia mimi. "Sisi tunasoma namba tu. Kadi ikilia, mlango unafunguka."

Sikungoja kukaribishwa. Nilisukuma mlango ule wa kioo, nikapita wanaume wananguruma na vyuma vyao, mpaka mwisho wa ukumbi penye mashine za kukimbilia. Kwenye mashine ya tatu, mgongo umenielekea, kitambaa kichwani, anatimua mbio na haendi popote, alikuwa shoga yangu.

Shoga yangu wa saluni! Tunatenganishwa na ukuta mmoja, yeye anasuka, mimi nashona. Yeye ndiye aliyenitia maneno wiki zote hizi, "shoga fungua macho, wanaume wa jimu si wa kuaminika".

Nikabonyeza kitufe chekundu. Mashine ikasimama, yeye nusura apitilize ukutani.

"Shoga!"

"Shoga," nikaitika.

Akashuka kwenye mashine, akajifunga kitambaa upya.

"Magauni manne," nikamwambia. "Magauni manne nimekupunguzia tangu miezi miwili hii. Nikakusifia. Nikakuuliza, shoga, siri ni nini? Ukanijibuje?"

"Maji ya limao."

"Maji ya limao!"

"Limao nalo nakunywa, usinionee."

Inchi ambazo zilitakiwa zitoke kwa mume wangu zilikuwa zinatoka kwake, na mimi mwenyewe ndiye ninayezikata kwa mkasi wangu na kumrudishia gauni lililopigwa pasi. Nilitaka kulia, nikacheka, kisha nikamshika kiwiko.

"Unatembea na mume wangu?"

"Ah! Nife hapahapa!" Akaapa mpaka kocha akageuka. "Kadi alinipa mkononi, wiki ile ile aliyoanza. Akasema shemeji, itumie kila siku, usiruke hata moja, na usimwambie mwenzako. Mimi nikaona jimu ya bure hiyo, naikataaje?"

"Kila siku kwa nini?"

"Alijua siku moja utakuja kuuliza."

Kumbe alijipanga. Alijipanga mpaka mtu wa kumkimbilia.

"Sasa yeye huwa anakwenda wapi?"

Akafuta jasho, ametazama pembeni. Shoga yangu akitazama pembeni, ujue ana neno na linamwasha ulimi.

"Sema."

"Sina hakika."

"Sema usicho na hakika nacho."

"Mara mbili nimemwona akishika ile njia ya nyuma ya kiwanda cha viatu," akasema polepole. "Kule unamjua anayekaa ni nani."

Hapo kichwa kikanipa lile jibu nililolikataa asubuhi. Mishono mitano, mmoja unarudi nyuma.

*

Wasomaji wangu, kuna jambo niliwadanganya.

Sehemu za mwanzo niliandika kwamba mume wangu nilikutana naye kwenye sherehe ya rafiki, tukapendana, basi. Haikuwa hivyo. Nilimkuta kwa mwalimu wangu wa kushona. Alikuwa mume wake.

Nilikwenda kwa yule mama nikiwa msichana nisiyejua kutia uzi kwenye sindano. Nikamwita Dada Fundi. Alinipa cherehani ya kujifunzia, chakula cha mchana, na viatu vyake vya zamani. Mkono huu nilio nao leo ni wake.

Jioni mumewe alikuwa anaaga kwamba anakwenda mazoezi ya mpira. Hakuwa anakwenda uwanjani, alikuwa anakuja kwenye chumba changu cha kupanga. Na kabla hajaondoka kurudi kwake, mimi ndiye niliyekuwa naichukua fulana yake naipeleka bombani, nailowesha, naikamua nusu, namvalisha. Dada Fundi akiiona, anamchemshia maji ya kuoga. Pole na mazoezi, anamwambia.

Asubuhi yake ananifundisha kukaza kiuno cha suruali.

Hatimaye waliachana, sisi tukaoana. Tangu siku hiyo sijapita njia ya nyuma ya kiwanda cha viatu. Naona haya, nasema ukweli. Nilivyompata ndivyo nilivyoogopa atakavyoondoka, na miaka yote kumi na minane nimekuwa nikimnusa nguo.

Sasa mnajua kwa nini fulana ile ilininyima raha.

*

Nilirudi nyumbani nimefura. Shoga yangu ananifuata nyuma, anaomba msamaha kila hatua ya tatu. Mume wangu alikuwa ameshafika, nywele zimenyolewa, amekaa kwenye sofa na kichwa amekiegemeza nyuma.

Nikaweka mezani kadi ya jimu niliyomnyang'anya shoga yangu.

Akaitazama kadi. Akamtazama shoga yangu aliyesimama mlangoni akijifanya anasoma kalenda.

"Jioni huwa unakwenda wapi?" nikamuuliza.

Akaifunika kadi kwa kiganja.

"Baba watoto, nakuuliza kwa adabu, na adabu yenyewe inakaribia kuniishia. Unakwenda wapi?"

"Si unajua."

"Nataka kusikia kutoka mdomoni mwako."

Akajipangusa uso. Nilivyokuwa nimevimba kwa hasira, nikaona hofu ya mwizi. Hakuna kingine nilichoona.

"Haya," nikasema, "chagua moja. Ama uniambie unakokwenda, ama tutoke kwenye ngazi unionyeshe hayo mazoezi ya wiki tisa. Chini mpaka juu, mara ishirini, dumu la maji la lita tano kila mkono. Kwa mtu wa jimu huo ni mchezo wa watoto."

"Mara ishirini?"

"Ishirini. Nyumbani hakuna mazoezi, si ndiyo ulivyosema? Leo utayaona."

"Nikikuambia, utaniamini?"

"Jaribu."

Akafungua mdomo. Macho yake yakaenda mlangoni kwa shoga yangu, yule ambaye neno likimwingia asubuhi, mchana liko sokoni. Ningemwambia atoke. Sentensi moja tu, "shoga, tupishe". Sikuisema. Nilitaka shahidi.

Mume wangu akaufunga mdomo wake. Akainuka, akaenda jikoni, akarudi na madumu mawili.

"Nani anahesabu?" akauliza.

"Huyu hapa," nikamsukuma shoga yangu. "Si mlikuwa mnasaidiana mazoezi? Kaa ngazi ya chini kabisa, hesabu. Ukiruka moja, ukuta wa duka langu na lako nitaupandisha mpaka mbinguni."

Nikaichomoa suruali kwenye msumari, nikaikunja kwenye mfuko. Nilipokuwa nashuka nilipishana naye ghorofa ya pili, anapanda mzunguko wa kwanza. Alisimama ukutani kunipisha, na mimi nikampita.

*

Nyumba haijabadilika sana. Cherehani iko dirishani palepale. Dada Fundi nywele zimekuwa nyeupe, miwani imeshuka puani. Alinyanyua uso, akaona mfuko, akaona suruali inachungulia.

"Imembana tena?" akauliza.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Matusi niliyapanga kwa safu. Yote yakayeyuka.

"Kumbe hata hukatai," nikasema.

"Nikatae nini? Mshono wangu unaujua. Nilikufundisha mwenyewe, ingawa hukuwahi kuuweza."

"Anakuja hapa kila jioni?"

"Kila jioni."

"Anakula hapa?"

"Anakula hapa."

"Na huoni haya?"

Akavua miwani. Hakukasirika, na ningefurahi kama angekasirika.

"Wewe," akasema, "ndiye umekuja mlangoni kwangu kuniuliza mimi habari za haya?"

Nikainamisha kichwa.

"Njoo jikoni."

Nikamfuata kama mwanafunzi. Akafunua sufuria, maharage na mboga, akachota kijiko akanipa. "Onja."

Nikaonja. Yalikuwa hayana ladha hata kidogo.

"Umesahau chumvi."

"Sijasahau. Hatakiwi kuonja chumvi hata chembe. Na maji anapimiwa."

"Nani kasema?"

"Daktari wa moyo."

Kijiko kilinitoka mkononi. Sikumbuki kukiokota.

"Siku ya tano ya jimu yake alianguka juu ya mashine," Dada Fundi akasema. "Wakampeleka hospitali wakati wewe uko dukani. Moyo umechoka. Hausukumi damu inavyotakiwa. Kaka yangu aliondoka na ugonjwa huohuo, nilimuuguza miaka mitatu, na yeye analijua hilo. Ndiyo akaja. Akauliza ale nini, alale vipi, dawa zinamezwaje. Sikumkaribisha kwa furaha, usidhani. Nilimwacha amesimama pale nje mpaka akakaa chini kwenye jiwe. Nilipomwona anavyohema, nikafungua."

"Mbona hakuniambia mimi?"

"Nimemwambia akwambie. Kila siku namwambia. Ananijibu, mke wangu akisikia neno moyo, atatangulia yeye."

Machozi yakaanza kunitoka, na bado nilitaka kushindana. Ndivyo nilivyo.

"Lakini amenenepa! Inchi mbili, nimempima mwenyewe usingizini. Mgonjwa wa moyo anayekula maharage haya ananenepaje?"

"Si unene ule. Maji. Moyo ukishindwa kazi, maji yanabaki mwilini, mtu anavimba." Akanishika mkono, na ndiyo mara ya kwanza kunigusa tangu nilipokuwa msichana. "Sisi mafundi tuna kosa letu. Tukimshika mtu, tunakimbilia kiuno. Miguu yake umeitazama? Kifundo kile ukikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki."

Nikaziona zile soksi ndefu na joto lile.

Wiki tisa nimemnusa, nimemfumua, nimempima gizani akiwa amelala. Sikumvua soksi.

"Kiuno nilimtanulia ili apumue," akaendelea. "Aliogopa ukifanya wewe utaanza kuuliza. Sasa umejua, basi kazi hii uichukue, mimi nimechoka. Nitakuandikia chakula chake. Cha kwanza, chumvi itoke nyumbani kabisa. Cha pili, mpaka dawa zimkolee, asibebe kitu kizito. Na zile ngazi zenu, daktari kasema apande mara moja kwa siku, tena akifika kila ghorofa apumzike. Akilazimisha, moyo unaweza kusimama hapohapo."

Nilimtazama mdomo. Ulikuwa bado unasema, mimi sisikii.

"We," akaniita. "Mbona umekuwa hivyo? Yuko wapi sasa hivi?"

Nilikuwa natafuta simu kwenye mfuko, nikatoa futi, nikatoa mkasi, nikatoa suruali. Simu ilikuwa chini kabisa. Vidole vilinikataa mara mbili kabla namba ya shoga yangu haijashika.

Akapokea kwa kicheko.

"Shoga, mume wako ni chuma! Nilikuwa namdharau bure! Ya kumi na tatu hii, na hajapumzika hata mara moja. Namwambia shemeji keti kidogo, anasema Mama Futi hajaruhusu."

"Msimamishe."

"Nini?"

"Msimamishe! Mwambie aweke madumu chini akae! Mwambie nimejua!"

"Umejua nini tena?"

"Panda ngazi, mwanamke, panda!"

Nikasikia viatu vyake vinapiga sakafu. Nikasikia anapaza sauti, na sauti inazunguka kwenye zile kuta. "Shemeji! Shemeji, mkeo anasema ukae!"

Hakuna aliyeitika.

"Yuko wapi?" nikapiga kelele. Dada Fundi ameshanishika bega, naye ameinamia simu.

"Sasa hivi tu alikata kona ya ghorofa ya pili. Simwoni. Shemeji!"

Kisha nikasikia kishindo. Kikafuata kingine, na kingine, kama mtu anayegonga mlango na hana haraka.

"Shoga, ni nini hicho?"

Alikuwa hacheki tena.

"Dumu," akasema. "Linashuka ngazi peke yake."